Mzee, Jumuiya na Haki ya Kutegemewa

Uislamu na Ukristo, dini mbili zenye wafuasi wengi zaidi Afrika ya Mashariki, zinaamuru kwamba wazazi waheshimiwe, na amri hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni nadra kuulizwa inaagiza nini hasa. Je, mzazi aliyelishwa, akavikwa na kutibiwa amekwisha kuheshimiwa, au kuna jambo jingine ambalo heshima inalidai na ambalo matunzo mema yanaweza hata kulizuia? Swali hili la kale limepata uzito mpya kwa sababu utafiti wa afya umeonyesha kwamba namna mzee anavyoishi, yaani anakaa na nani, kwa utaratibu gani na kwa nafasi ipi, inahusiana na umri wake wa kuishi na uzima wa mwili wake. Makazi ya kijumuiya, kwa maana inayotumika hapa, ni mpango wowote ambao wazee huishi na wenzao wakishiriki chakula, kazi au ibada, uwe umefungwa kwa damu kama ukoo, kwa nadhiri kama nyumba ya watawa, au kwa huduma kama makao ya wazee yanayoendeshwa na serikali na mashirika ya dini.

Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 148 zilizohusu zaidi ya watu 308,000, wakapima uhusiano kati ya mahusiano ya kijamii na vifo. Kwa jumla, waliokuwa na mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wengine kwa asilimia 50 katika kipindi walichofuatiliwa, na tokeo hilo ndilo linalotajwa mara nyingi. Lililo muhimu zaidi kwa hoja iliyopo halitajwi sana. Pale mtafiti alipouliza tu kama mtu anaishi peke yake au na wenzake, tofauti ilikuwa ndogo, takriban asilimia 19; lakini alipopima jinsi mtu alivyoungana na jamii yake kwa njia nyingi kwa pamoja, kama vile ndoa, marafiki, vikundi na shughuli anazoshiriki, tofauti ilifikia asilimia 91. Kwa maneno mengine, kuwa chini ya paa moja na watu ni kinga hafifu, na mzee anaweza kuzungukwa na wajukuu kumi na bado akawa mpweke kwa kipimo chochote chenye maana.

Ikiwa ukaribu wa miili hautoshi, inafaa kuitazama jumuiya ambayo imeishi kwa utaratibu uleule kwa karne nyingi. Mtaalamu wa takwimu za watu Marc Luy alichunguza kumbukumbu za watawa zaidi ya 11,000, wanaume kwa wanawake, waliokuwa katika nyumba za kitawa za Kikatoliki huko Bavaria, Ujerumani, kati ya 1890 na 1995. Katika jamii ya kawaida ya Wajerumani wanawake waliwazidi wanaume kwa miaka kadhaa ya kuishi, lakini ndani ya kuta za utawa pengo hilo lilipungua hadi karibu mwaka mmoja, si kwa sababu watawa wa kike walikufa mapema, bali kwa sababu watawa wa kiume waliishi muda mrefu kuliko wanaume wa nje. Sehemu ya maelezo yake ni ya kawaida kabisa: mtawa hafanyi kazi ya mgodini, hali ovyo, hapiganii nafasi ya mshahara, na huenda hata kabla ya kuingia alikuwa mtu wa aina fulani. Luy mwenyewe alizingatia uwezekano huo wa uteuzi, yaani kwamba waliojiunga walitofautiana na wengine tangu mwanzo. Hata hivyo, maelezo hayo hayafuti ukweli kwamba wanaume, ambao kwingineko huzeeka vibaya, hapa walizeeka vizuri, na kwamba walizeeka ndani ya mpango ambao haujui kustaafu kwa maana ya kuondolewa katika shughuli za nyumba.

Kanuni ya Benedikto wa Nursia, iliyoandikwa katika karne ya 6 na kufuatwa katika nyumba nyingi za kitawa za Magharibi, inaonyesha jinsi mpango huo ulivyofikiriwa. Sura yake ya 37 inaagiza kwamba wazee na watoto wahurumiwe, wasibanwe na ukali wa kanuni kuhusu chakula, na waruhusiwe kula kabla ya saa iliyopangwa. Sura ya 63 inapanga nafasi ya kila mtawa hasa kwa siku aliyoingia nyumbani humo, si kwa umri wala kwa nguvu zake, na kwa hiyo aliyeingia miaka 50 iliyopita ana nafasi yake katika safu hata kama sauti yake imekwisha na hawezi tena kushika jembe. Sura hizi mbili zikisomwa pamoja zinatoa kanuni moja: mzigo unapunguzwa, nafasi haiguswi.

Fiqhi ya Kiislamu, yaani elimu ya hukumu za ibada na maisha, inafikia mahali hapohapo kwa njia nyingine kabisa. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali amelala, na swala haimwondokei maadamu akili ipo. Mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani haambiwi tu kwamba amesamehewa na mambo yakaishia hapo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani ya Afrika ya Mashariki, hutoa fidia, yaani kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula. Jambo hili lina kina kuliko linavyoonekana. Sheria inapomkuta mtu ambaye mwili wake umeshindwa, haimhamishi upande wa wapokeaji. Inamtafutia wajibu mwingine unaolingana na hali yake, na wajibu wenyewe ni wa kumlisha mtu mwingine. Mzee aliyedhoofika anabaki kuwa mtoaji.

Hapa ndipo matunzo ya kisasa, na matunzo mengi ya kifamilia pia, yanapokwenda kinyume. Mzee huachiwa jina la heshima, akaitwa babu, bibi au shikamoo ikatangulia kila neno, lakini hunyang'anywa kila kazi iliyokuwa ikimfanya ahitajike: hapiki kwa sababu ataungua, hashiki fedha kwa sababu atapoteza, haulizwi juu ya posa ya mjukuu kwa sababu mambo yamebadilika. Kila katazo, likitazamwa peke yake, lina huruma ndani yake. Yakijumlishwa, yanamfanya mtu kuwa kitu kinachotunzwa.

Ellen Langer na Judith Rodin walilijaribu jambo hili mwaka 1976 katika makao ya wazee huko Connecticut, Marekani. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo yao yako mikononi mwao, wakapewa mmea wa kutunza na hiari ya kuchagua usiku wa kutazama filamu. Wa ghorofa nyingine waliambiwa kwamba watumishi watawashughulikia, na mimea yao ikamwagiliwa na wauguzi. Kundi la kwanza lilichangamka zaidi, na baada ya miezi 18 waliofariki humo walikuwa asilimia 15 dhidi ya 30 katika kundi la pili. Utafiti huu umerudiwa mno katika mihadhara hadi umepata sura ya hadithi, na haki inadai isemwe kwamba makundi yalikuwa madogo na kwamba waandishi wenyewe baadaye walisahihisha hesabu ya kitakwimu kuhusu vifo na kutaka isomwe kwa tahadhari. Lakini kuhusu uchangamfu wa wazee, tofauti ilikuwa wazi, na chanzo chake kilikuwa mambo madogo kama chungu kimoja cha maua.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii halitoki Marekani. Linatoka vijijini, kwa wale wanaodhani kwamba jumuiya ya Kiafrika, ikiachwa kama ilivyokuwa, inamlinda mzee yenyewe. Lakini Usukumani, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mojawapo ya dalili zilizotumika kuwatuhumu ni macho mekundu, ambayo aliyepika maisha yake yote kwenye moshi wa kuni na samadi hana namna ya kuyakwepa. Katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, mvi zimefanya kazi hiyohiyo, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kumekuwa na shamba ambalo mzee amelishikilia na vijana wanalitaka. Huko Ganze, katika kaunti hiyohiyo, kituo cha Kaya Godoma kimewahifadhi wazee waliokimbia watu wa nyumba zao wenyewe. Wazee hao hawakukosa ukoo, wala hawakuishi peke yao. Waliangamizwa au kufukuzwa na haohao waliotarajiwa kuwa tiba ya upweke. Kwa hiyo kuisifu jumuiya kwa jumla, kama inavyofanywa mara nyingi katika hotuba, ni uvivu wa fikra. Mzee anapoonekana kuwa kizuizi kati ya kijana na ardhi, ukaribu wenyewe huwa hatari.

Dini nazo hazina kinga dhidi ya kosa hili. Injili ya Marko, sura ya 7, inamwonyesha Yesu akiwakemea waliotangaza mali yao kuwa korbani, yaani sadaka iliyowekwa wakfu kwa Mungu, ili wasilazimike kuwasaidia wazazi wao. Ibada ilikuwa imegeuzwa mlango wa kutokea. Falsafa haikufanya vizuri zaidi. Plato anaanza Jamhuri yake, kitabu kikubwa kuhusu haki, kwa mazungumzo na mzee Cephalus, kisha mara mjadala unapoanza kukolea Cephalus anaondoka kwenda kwenye kafara zake na kumwachia mwanawe hoja, na haki inajadiliwa hadi mwisho bila yeye.

Yabaki swali la mzee ambaye akili yake imeharibiwa na ugonjwa wa kusahau, ambaye hawezi kuchagua wala kukabidhiwa kazi. Kwake haki ya kutegemewa, yaani ya kuwa mtu ambaye wengine wanamhitaji, inaonekana kuwa maneno matupu, na ni kweli kwamba haiwezi kudaiwa kwa namna ileile. Hata hivyo Kanuni ya Benedikto inatoa jibu la sehemu, kwa sababu nafasi katika safu haikutolewa kama malipo ya uwezo, na kwa hiyo haiondolewi uwezo unapoondoka. Tofauti kati ya mtu aliyebaki mahali pake mezani na mtu aliyehamishiwa chumba cha nyuma si ya kitabibu, lakini mwili huisikia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo na makao ya wazee kuwa kimbilio la mwisho. Mpangilio huo una busara, ila kipimo kinapaswa kuwa kilekile kwa vyote viwili, kwa kuwa makao yanayomwachia mzee zamu na sauti yanamfaa kuliko ukoo unaomlisha na kumnyamazisha. Zanzibar ilipoanzisha Pensheni Jamii mwaka 2016, ikimlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuuliza aliwahi kuajiriwa wapi, ilimpa mzee chakula, lakini pia ilimrudishia uwezo wa kumnunulia mjukuu daftari. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walizifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, hukutana kila juma kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Kamati za misikiti zina madarasa, mazishi na sadaka za kusimamia. Viongozi wa vyombo hivi wanaombwa wapitie orodha zao za zamu na kutazama ni wazee wangapi wamo humo kama watoaji, si kama watu wa kutembelewa, na pale ambapo hakuna hata mmoja, waanze na nyumba iliyo jirani.