Embile ya Mlokole

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, zile tunazopika hapa Nkwenda, wilayani Kyerwa, na zile tunazokamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Walikuta karibu zote ni kitu kimoja, uzao wa mgomba mmoja wa kale. Mjukuu wangu anayesomea kilimo aliniletea habari hiyo kibanjani, kwenye shamba langu la migomba: “Bibi, enshakala, enchoncho, entobishe, embile, hayo ni majina tu. Aina ni moja.”

Kipimo chenyewe nakiamini. Mgomba wetu hauna mbegu, huzaa kwa chipukizi, na chipukizi ni mama yake yule yule. Ila chukua kidole cha embile ukikate katikati. Ndani ya nyama yake utaona vidoa vya kahawia vinavyonata, na ukiionja ulimi unakaza kwa ukakasi. Hakuna mama wa Kyerwa atakayempikia mgeni embile. Ivundike iive, uikamue kwa nyasi, utie mtama uliokaangwa, na hapo unapata rubisi yenyewe. Tofauti hiyo ipo, hata kama vinasaba vilivyopimwa haviionyeshi.

Basi aina ni nini mbele ya Mungu? Katika Mwanzo wanyama wanaletwa kwa Adamu awape majina, na Mungu anayapokea majina hayo bila kuyasahihisha. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito. Swala wa Ibanda-Kyerwa, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, atazaana hata tusipomjua, ili mradi tumwache. Embile haina njia hiyo. Asipopatikana mtu wa kuitambua kati ya nyingine, akang'oa chipukizi lake na kulipanda, imekwisha.

Huko Leuven, Ubelgiji, ipo hazina ya ndizi yenye sampuli zaidi ya 1,500, nyingi zikiwa miche midogo ndani ya chupa. Nawashukuru kwa dhati wanaoitunza. Lakini mche wa chupa hauonjwi, na wanaoijua embile kwa kuitazama tu wanazeeka huku vijijini.

Kinachoniuma ni kwamba sisi wa kanisani tumesaidia kuipunguza. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba uingie mkoani kwetu Kagera, miaka ya 2005 na 2006, mashina mengi yameng'olewa, na wakati wa kupanda upya walokole wenzangu huiruka embile kwa kuwa ni ndizi ya pombe. Nami nimeokoka, sinywi. Mzee mmoja aliniuliza baada ya ibada mbona natunza migomba ya walevi. Nikamjibu, “Mzee wangu, dhambi ya kikombe usiibebeshe mgomba.” Nikifuta kila kiumbe nisichokuwa na haja nacho, nimejifanya mimi ndiye kipimo cha uumbaji, na dhambi hiyo naiogopa kuliko rubisi.

Machipukizi ya embile nampa yeyote anayeyataka, mnywaji na asiyekunywa. Kisu nakipitisha kwanza motoni, mnyauko usije ukaenda nayo.