Nasaha kwa Mzazi na Mwalimu wa Tabora

Ewe mzazi, usingoje barua ya wito ndipo uijue njia ya shule. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, wapo wanaodhani sehemu yao imekwisha. Ada imeondoka, malezi yamebaki. Ukiona mwanao wa kidato cha pili anaumwa tumbo kila Jumatatu na daftari lake halina kitu, nenda ukamwone mwalimu wa malezi. Mweleze unayoyaona nyumbani, usimfiche mtoto wala usimchongee.

Nawe mwalimu, mzazi akifika mpe kiti. Anza na jema unalolijua kwa mwanawe. Aliyeaibishwa mbele ya ofisi nzima harudi tena.

Huku kwetu kuna jambo halisemwi. Urambo, Kaliua na Sikonge ni nchi ya tumbaku. Majani yakikomaa mikono haitoshi, na bani la kukaushia majani linataka mtu wa kulinda moto usiku. Kijana anayesinzia darasani mwezi Machi huenda alikesha banini. Mwalimu asiyeuliza humwadhibu kwa uchovu wa kazi aliyotumwa na baba yake, na baba anayenyamaza humwacha mwanawe abebe kosa lisilo lake. Kazi hiyo si ya mtoto hata kidogo: sumu ya jani bichi hupenya ngozini, na Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Kaeni mzungumze kabla ya msimu.

Misafara ya Bagamoyo na Ujiji iliyoukuza mji huu ilikuwa na kirangozi mbele akionyesha njia, na wasimamizi nyuma kuwaangalia waliolegea. Kijana naye anahitaji wa mbele na wa nyuma, mzazi na mwalimu, nao wawe wanasemezana.

Mwanao uliyempangishia chumba, geto, karibu na shule ya kata mtafutie jirani mtu mzima, na jirani huyo umtambulishe kwa mwalimu. Binti aliyekatishwa masomo na ujauzito usimfungie ndani kwa aibu. Tangu Novemba 2021 serikali imemruhusu kurudi darasani. Msindikize mwenyewe, na mwalimu ahakikishe hachekwi.

Mnapomjadili kijana, awepo, asikie na aseme. Na wewe baba, mkutano wa wazazi ukiitishwa nenda mwenyewe, usimwachie mama peke yake.