Rehema kwa Nani?



Tulipokuwa wanafunzi wa sekondari hapa Babati, mwalimu wetu wa Kiingereza hakupenda tusome mchezo tukiwa tumekaa. Madawati yalisukumwa ukutani, kila mmoja akapewa mtu wa kuigiza, na darasa likawa mahakama. Hivyo ndivyo tulivyosoma mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri, ukachapwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi.

Myahudi Shylock alimkopesha Antonio dukati 3,000 kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba asipolipa atakatwa ratili moja ya nyama mwilini. Deni halikulipwa, na Shylock akaja na kisu. Portia, aliyejifanya mwanasheria, alimsihi awe na rehema, naye akakataa. Ndipo akaambiwa akate nyama, ila asimwage hata tone la damu. Tulipiga makofi darasa zima.

Mwalimu hakupiga. Alituuliza, "Na Shylock, yeye amepewa rehema gani?"

Tukarudi kitabuni. Naam, hakuuawa, na nusu ya mali aliachiwa. Lakini Antonio, ambaye zamani alimtemea mate na kumwita mbwa, alidai Shylock awe Mkristo, na Mtawala akatishia kufuta msamaha asipokubali. Mmoja wetu alisema hiyo ilikuwa neema, maana ataokoka. Mwingine akauliza, ubatizo wa mtu aliyetishwa ni ubatizo gani? Kengele ililia tukiwa bado tunabishana.

Miaka imepita, lakini swali hilo halijatuacha. Shakespeare katika jina la mchezo alitaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu Nyerere aliandika mabepari, yaani wengi. Hata Shylock aliwakumbusha waliomhukumu kwamba nao walikuwa na watumwa waliowanunua. Hatusemi kwamba kisu chake kilikuwa haki. Twasema tu kwamba waliomhubiria rehema hawakuwa wamemwonjesha kabla ya siku ile.

Je, sisi tu wema kuliko wao? Mjini kwetu tunakopeshana sokoni na dukani, sisi na majirani wa dini na makabila mbalimbali. Tunapobanwa na deni, twaomba huruma ya mtu ambaye jana tulipita mlangoni pake bila salamu. Tukishinda, twamwekea masharti.

Rehema inayomdhalilisha anayeipokea ni kisu kingine. Basi na tuanze kwa salamu, kabla hatujahitaji msamaha.