Mfumo Umekataa



Siku hizi maneno mawili yamekuwa jibu la maswali mengi: "Mfumo umekataa." Tunayasikia benki, tunayasikia maofisini, na sasa tumeanza kuyasikia shuleni. Tunapenda tuyatafakari pamoja katika ukurasa huu, kwa kuwa yanagusa haki ya watoto wetu, na pia dhamiri ya kila mmoja aliyepewa madaraka juu ya mwenzake.

Yuko binti mmoja jirani yetu, mwanafunzi wa kidato cha pili. Wakati wa likizo shule yake iliwapa wanafunzi kazi ya hesabu kwa mfumo wa kujifunzia wa intaneti. Masomo yaliwekwa humo, maswali yaliwekwa humo, na majibu yalitakiwa yarudishwe humo humo kabla ya saa sita kasoro dakika moja, usiku wa Ijumaa. Nyumbani kwao simu inayoingia intaneti ni moja tu, nayo ni ya kaka yake anayeendesha bodaboda. Jumatano binti aliyanakili maswali yote katika daftari. Alhamisi alimaliza kuyajibu kwa kalamu. Ijumaa kaka alipata abiria wa mbali, akarudi saa tano na nusu usiku, bando limekwisha. Hata walipopata bando jingine na kupiga picha kurasa zote, saa ilikuwa imepita na mlango umefungwa.

Shule ilipofunguliwa, binti alikuta amepewa sifuri. Mama yake alikwenda kwa mwalimu, daftari mkononi. Mwalimu, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, alizifunua kurasa zile, akasikitika, akasema, "Mama, mimi ningependa kumsaidia mtoto, lakini mfumo umekataa."

Je, ni kweli kwamba mfumo ulikataa?

Ili tujibu bila kumwonea mtu, yafaa kwanza tujue chombo hiki ni kitu gani. Mifumo ya namna hii ni mingi. Mmoja unaotumika sana duniani, hata katika vyuo vikuu vya huku kwetu Afrika Mashariki, unaitwa Moodle. Uliandikwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwezi wa Agosti, 2002. Hutolewa bure, na shule yoyote yaweza kuuchukua na kuutumia. Bwana huyo alikulia katika jangwa la Australia Magharibi, mbali na miji, akapata masomo yake ya utotoni kwa redio. Shule ya namna hiyo ilianza rasmi mwaka 1951 katika mji wa Alice Springs, ikitumia mitambo ya redio ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, huduma iliyoanzishwa mwaka 1928 na mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, John Flynn. Redio hiyo haikuwa ya kusikiliza tu. Mtoto aliyekuwa peke yake huko malishoni aliweza kumjibu mwalimu, na mwalimu akaisikia sauti yake.

Kwa hiyo hatuna sababu ya kukichukia chombo hiki. Kimetoka katika nia njema ya kumfikia mtoto aliye mbali. Tena kina faida nyingi: daftari halipotei, mwalimu wa watoto sitini hupunguziwa mzigo wa kusahihisha, na mtoto aliyeugua anaweza kulipata somo lililompita.

Sasa tuitazame ile saa ya kufunga. Mwalimu anapoandaa zoezi katika Moodle, tarehe huzijaza yeye. Kuna tarehe ya kurudisha kazi, na kuna tarehe nyingine ya kufunga kabisa. Akiweka ya kwanza peke yake, kazi iliyochelewa bado hupokelewa, ila huandikwa kwamba imechelewa. Akiweka na ya pili, ndipo mlango hufungwa. Na hata ukiisha kufungwa, mwalimu anaweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja kwa jina lake, asiwaguse wengine. Mifumo mingine ina taratibu zake, lakini katika yote saa ya kufunga huwekwa na mtu. Mfumo hauna hiari. Kwa hiyo basi, haukukataa. Aliyekataa ni mtu. Au tuseme, mtu aliamua mapema kwamba atakataa, kisha akasahau kuwa ndiye aliyeamua.

Wako watakaotupinga hapa, na hoja yao si nyepesi. Watasema: zamani kitabu cha alama kilipokaa mezani kwa mwalimu peke yake, mtoto wa mkubwa aliweza kuchelewa wiki nzima asiulizwe, na mtoto wa maskini akachapwa kwa kuchelewa siku moja. Saa ya mfumo haijui huyu ni mtoto wa nani. Haipokei kuku wala bahasha. Watasema pia: yuko aliyekesha akamaliza kwa wakati, mwenzake akiongezewa muda, yeye tutamwambia nini? Na watoto nao wana hila zao. Leo bando limekwisha, kesho simu imeibwa.

Tunakubali kwamba upendeleo ni uovu, na kwamba sheria inayowatazama wote kwa jicho moja imewaokoa wanyonge wengi. Hata hivyo, tutazame vizuri ni kitu gani kinachopimwa. Pishi ya muuza mahindi ni moja kwa kila mnunuzi, na hiyo ni haki, kwa sababu pishi inapima mahindi. Je, sifuri ya binti yule ilipima nini? Ilikusudiwa kupima kama ameelewa hesabu. Badala yake ilipima kama kaka yake amewahi kurudi nyumbani. Kipimo kikiwa kimoja kwa wote, lakini kinapima kitu kisichohusika, hakiwi haki kwa sababu tu ni kimoja.

Wala jambo hili si la nyumba moja. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Tanzania kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, na Kenya kwa madarasa mengi hadi Januari 2021, dunia nzima ilijaribu kuwafundisha watoto wakiwa majumbani. Agosti mwaka huo UNICEF, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, lilitangaza kwamba watoto wasiopungua milioni 463, yaani theluthi moja ya wanafunzi wote duniani, hawakuweza kufikiwa na masomo hayo, yawe ya redio, ya televisheni au ya intaneti. Katika daftari la mfumo, mtoto wa namna hiyo husomeka sawasawa na yule aliyekuwa na simu mkononi akachagua kucheza. Mfumo huandika saa na dakika ambayo mwanafunzi alifungua somo. Kwa nini hakulifungua, hauandiki. Uvivu na umaskini hupata alama moja.

Basi tufanye nini? Tunaona mambo matatu.

Kwanza, kuuliza kabla ya kuandika sifuri. Sote tunaukumbuka mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Alipowakuta watu wamesimama bila kazi siku imekwisha, hakuwahesabu kuwa wavivu. Aliwauliza sababu, na kumbe sababu walikuwa nayo.

Pili, huruma yenyewe ifanywe mchana kweupe. Ijulikane kwa wazazi wote kwamba mtoto mwenye sababu anaweza kuongezewa siku mbili au tatu, na iandikwe ni nani aliyeongezewa na kwa nini. Hapo mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchuuzi watapita mlango mmoja, na upendeleo hautakuwa na pa kujificha. Aliyekesha naye hapungukiwi kitu, kwani alama yake iko pale pale. Ni kweli kwamba baadhi watatudanganya. Lakini mwalimu akidanganywa, atakuwa ametoa siku mbili bure. Akimfanya mtoto mkweli kuwa mwongo, atakuwa amemfundisha kwamba ukweli hauna faida, na somo hilo halisahauliki upesi.

Tatu, iwepo njia ya pili. Kazi iliyoandikwa kwa kalamu ipokelewe. Tena shule yenye chumba cha kompyuta inaweza kuuweka mfumo kama Moodle katika kompyuta yake yenyewe, watoto wakautumia darasani pasipo kununua bando hata moja.

Tukiisha kusema hayo, tusimtupie mwalimu mawe. Nasi tunayo mifumo yetu isiyohitaji umeme. Katika vyama vyetu vya kusaidiana wakati wa msiba, tumepata kumwambia mjane kwamba hatuwezi kumpa kitu kwa kuwa marehemu alikuwa nyuma kwa michango ya miezi miwili. "Mama, katiba hairuhusu." Tulisema hivyo kwa upole, tukashika mikono yake, tukaenda zetu tukijiona watu safi. Nani aliyeiandika katiba ile? Ni sisi, tumeketi katika viti vile vile. Labda kumsaidia kungekuwa makosa, maana fedha ilikuwa ya wengi. Lakini tulipaswa kusema, "Sisi tumekataa, na sababu yetu ni hii," tukamtazama usoni tukisema. Tungelazimika kusema hivyo, huenda tungelifikiri jambo lile mara ya pili.

Hapo ndipo tunapoona ubaya wa maneno yale mawili. Mtu akisema "nimekataa", unaweza kumwuliza sababu, ukamweleza usilodhani analijua, naye akabadili nia au akakuonyesha kwamba umekosea wewe. Akisema "mfumo umekataa", hakuna wa kuulizwa. Mama yule alitoka shuleni bila kumlaumu mtu na bila kusaidiwa na mtu.

Sifuri ya binti ingalipo hata tunapoandika haya, na daftari lake analo. Tumekubaliana na mama yake kwamba atarudi kwa mwalimu, na safari hii tutafuatana naye. Hatuendi kugombana. Tunakwenda kumwomba mwalimu aufungue tena ukurasa ule, alisome daftari, kisha aamue yeye. Akisema ndiyo, tutashukuru. Akisema hapana, na iwe hapana yake, nasi tutakaa tuisikilize sababu.