Milima ya Hoggar katikati ya Jangwa



Ninyi mkaao penye mvua, mkisikia neno «jangwa», hudhani ni mchanga mtupu toka mashariki hata magharibi. Sivyo. Katikati ya Sahara, kusini mwa nchi ya Algeria, imo milima iitwayo Hoggar. Kilele chake kirefu, Tahat, chafika meta 2,908. Ruwenzori yetu yaupita mbali, lakini Ruwenzori ina mashamba na misitu miguuni pake. Hoggar ni kama kisiwa: pande zote ni nchi kavu, mwendo wa siku nyingi kwa ngamia.

Mawe yake ni meusi. Zamani sana moto ulitoka ndani ya ardhi, kama watu wa Goma wanavyouona hata leo. Uji wa moto ulioganda kooni mwa mlima ukawa jiwe gumu kuliko jingine. Kisha upepo na maji vikala jiwe laini la kandokando, na lile gumu likabaki limesimama peke yake kama nguzo.

Mvua ni haba. Katika sehemu nyingi za Kongo huanguka milimeta zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Tamanrasset, mji ulio chini ya milima hiyo, hupata kama 50 tu. Hata hizo si za hakika. Hoggar iko mwisho wa mvua za kusini na mwisho wa mvua za bahari ya kaskazini, basi pengine zote mbili haziifikii. Mvua ikinyesha, mabonde makavu hugeuka mito kwa saa chache. Kisha maji hubaki katika vishimo vya mwamba, penye kivuli, na huko wanyama huja kunywa. Wakati wa baridi, usiku, maji hayo huganda huko juu.

Je, kitu chaweza kuota hapo? Ndiyo. Mabondeni mna migunga yenye miiba na mikwaju ya jangwani, ambayo mizizi yake hushuka chini kutafuta maji. Juu zaidi mna mzeituni wa mwitu. Miaka elfu nyingi iliyopita Sahara ilikuwa na majani na maziwa, na watu walichora ng'ombe wao juu ya miamba. Nchi ilipokauka, mti huo ulibaki milimani tu. Leo ni shida mbegu yake kuota. Lakini shina likifa, machipukizi hutoka kwenye mizizi ile ile, na hivyo mti mmoja hudumu muda mrefu mno. Mafuta ya wakatekumeni mtakayopakwa kabla ya Ubatizo hukamuliwa katika matunda ya mzeituni wa shambani, ndugu wa huyo wa Hoggar.

Mwaka 1905 padri mmoja Mfaransa, Charles de Foucauld, alikuja kukaa Tamanrasset kati ya Watuareg, ambao ni Waislamu. Alikuja ili awasaidie, na akawagawia chakula chake. Mvua ikakosa kwa miezi 17. Mbuzi wakakauka maziwa, watoto wakakonda, naye Padri, Januari 1908, akaanguka mgonjwa, hawezi hata kusimama. Watuareg wakafanya nini? Walizunguka kilometa nne pande zote, wakakamua kila mbuzi aliyekuwa na tone la maziwa, wakamletea. Akapona.

Tazameni vizuri jambo hili. Wenye njaa walimlisha yule aliyekuja kuwalisha. Wengine kwenu huandikisha jina misioni wakitazamia nguo, shule au dawa. Tena wako Wakristu wadhanio kwamba asiyebatizwa hana chema cha kuwapa. Yezu mwenyewe aliomba maji kwa mwanamke Msamaria. Nawaulizeni: mnaweza kupokea maziwa kwa jirani mnayemdharau?

Baada ya ugonjwa huo Padri alizidi kujifunza lugha yao. Kamusi yake kubwa ilichapwa katika vitabu vinne, miaka mingi baada ya kufa kwake. Mwaka 1911 alikaa miezi kadhaa juu Assekrem, karibu meta 2,700, katika kijumba cha mawe, kwa sababu wachungaji hupandisha mifugo yao huko kutafuta majani. Aliobatiza walikuwa wachache sana. Tarehe 1 Desemba 1916 aliuawa kwa risasi mlangoni pake Tamanrasset. Tarehe 15 Mei 2022 Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa Mtakatifu. Kijumba cha Assekrem kingalipo, na mizeituni ya mwitu ingali ikichipua mabondeni.