Kutunza na Kukumbuka

Husemwa mara nyingi kwamba kitu kilichotunzwa vema kimekumbukwa. Neno hili hupita midomoni kwa wepesi, na kwa kuwa lafanana na kweli, ni wachache walipimao. Mimi naona kutunza na kukumbuka ni mambo mawili, na kwamba moja laweza kuwepo miaka mia bila ya jingine. Ghala hutunza nafaka, wala ghala halina njaa.

Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi, yeye na viongozi wengine wa Wachagga na Wameru. Mwaka 1892 watu wake walikuwa wamewashinda Wajerumani hao hao vitani; mwaka uliofuata walirudi na nguvu kubwa zaidi, nao wakamshinda. Nyumba yake husimulia kwamba baada ya kunyongwa alikatwa kichwa, na kichwa kikachukuliwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Anael Meli, alikidai kichwa hicho kwa miaka mingi. Hakuwa na hati wala namba ya sanduku. Alikuwa na habari aliyoipokea kwa bibi yake, basi.

Mwaka 2018 habari hii ilifanyiwa usanii wa namna ambayo lugha yetu haijaipa jina moja: chumba ambamo picha za mwendo, sauti na nyaraka za kale hukutana, na mtazamaji akasimama katikati yake badala ya kukaa mbele yake. Kazi hiyo, ya Konradin Kunze na wenzake wa kundi la Flinn Works, ilionyeshwa kwanza Berlin, kisha mwaka 2019 ikaletwa Dar es Salaam na Old Moshi. Jina lake ni *Mangi Meli Remains*, nalo kwa Kiingereza lina maana mbili: mabaki ya Mangi Meli, na kwamba Mangi Meli angali yupo. Mimi si mpenzi wa michezo ya maneno, lakini huu naukubali.

Aingiaye katika sanaa ya namna hiyo hupoteza kwanza saa yake. Mwaka 1900 na mwaka wake mwenyewe huwekwa ukuta mmoja. Husikia habari ya mtu aliyekufa, lakini kitu chenyewe kinachosemwa hakipo. Hapo ndipo palipo heshima ya kazi hii. Sanamu iliyokamilika humruhusu mtu atazame, asifu, aende zake. Nafasi iliyo tupu humfanya mdaiwa. Hutoka na swali ambalo hakuingia nalo, na swali lenyewe halimhusu msanii hata kidogo: kiko wapi?

Sasa tuitazame ghala yenyewe. Mafuvu yaliyochukuliwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani yaliingia katika mkusanyo wa Felix von Luschan huko Berlin, yakapangwa na kuandikwa. Baadaye wachunguzi walihesabu 1,135 yaliyotoka katika koloni hilo, na mengi zaidi yalikuwa ya Rwanda. Vita viwili vikuu vilipita na dola zikaanguka, nayo yakabaki. Ni nani atakayesema hayakutunzwa? Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa mafuvu matatu, na moja lao lilikuwa limeandikwa neno "Akida", nalo ni la mshauri mmoja wa Mangi Meli. Neno hilo lilikuwa juu ya mfupa muda wote huo. Lilisomeka. Aliyelifungia kabatini hakuwa akimngoja mtu, na waliokuwa wakimngoja hawakuwa na ufunguo.

Yamkini mtu atanijibu kwamba bila ya ghala hilo vipimo visingekuwa na cha kupima. Ni kweli, wala sitaki kuipunguza. Lakini na aulize pia vipimo hivyo vilifanywa kwa ajili ya nani. Mashine haikuanza kutafuta kwa hiari yake. Ilitumwa, na waliotuma walisukumwa na watu waliokataa kuacha kuuliza.

Katika Ufipa tunalo jambo letu la kutia katika mizani hiyo. Mtu ateremkaye kwenda Mtowisa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, huacha nyuma yake uwanda wa juu ambao zamani ulikuwa nchi ya wayeyusha chuma. Tanuru zao, malungu, zilijengwa kwa udongo, ndefu kupita kimo cha mtu, zikavuta hewa zenyewe pasipo mivukuto; kilichotoka humo kilitiwa tena katika tanuru ndogo, kintengwe, iliyovuviwa kwa mivukuto, ndipo kikafaa kufuliwa. Ilungu lilitendewa kama bibi arusi. Fundi mkuu alikuwa na kapu la dawa, ntangala, na si kila jicho lilipewa ruhusa ya kuchungulia ndani yake. Majembe ya ng'ambo yalipoenea, kazi ilikoma. Mwaka 1958 jarida la *Tanganyika Notes and Records* lilichapisha maelezo ya R. Wise juu ya uyeyushaji huo, na leo mwanafunzi wa mbali aweza kuzijua hatua zake vizuri kuliko kijana wa Mtowisa.

Basi twajua namna. Lakini mafundi hawakuificha ntangala kwa ubahili tu. Kuificha kulikuwa sehemu ya kuikumbuka, kwa sababu aliyepewa siri alipewa na wajibu. Sisi twashika simu, twamrekodi mzee, na mara moja siri ni ya kila mtu, na wajibu si wa mtu. Sisemi tusimrekodi. Umri haungoji hoja zetu. Nasema tu kwamba mzee huyo huulizwa chuma kiliyeyushwaje, na ni nadra kuulizwa alifundishwa na nani, ni nani alikataliwa kufundishwa, na kama yuko hata sasa mtu ambaye angependa kumpa kapu lile.