Shangwe Mbele ya Bunduki

Kila jeshi liingiapo mjini, hatukawii kuambiwa kwamba raia wamelipokea kwa furaha. Picha huletwa: matawi yapepea, akina mama wapiga vigelegele, watoto wamepanda juu ya vifaru. Hatusemi kwamba picha hizo ni za uongo. Twauliza tu: vigelegele vipigwavyo mbele ya bunduki ni ushahidi wa nini?

Tuutazame mji wa Kampala. Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipompindua Milton Obote, umati ulimiminika barabarani kushangilia. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliutwaa mji huo, Amin akakimbia, na umati ukashangilia tena. Januari 1986 likaingia jeshi la Yoweri Museveni, na shangwe zikasikika mara nyingine. Msomaji wa mbali aweza kudhani kwamba watu wa Kampala ni vigeugeu. La hasha! Aliyeuliwa nduguye chini ya utawala wa Amin hakuhitaji kufundishwa kucheka siku ile ya 1979, na mwenye kuitilia shaka furaha yake amdhulumu. Lakini huenda ubavuni pake alisimama mwenziwe aliyecheka kwa kuwa asiyecheka angeulizwa sababu. Kamera haiwezi kuwatenga wawili hawa, wala hatuilaumu. Twamlaumu yule aandikaye chini ya picha neno "wananchi", kana kwamba ni mtu mmoja mwenye moyo mmoja.

Sisi walimu wa Kiswahili jambo hili latugusa kwa namna ya peke yake. Katika Uganda ya miaka ile, wengi walikijua Kiswahili kuwa lugha ya askari (sifa ambayo imetutaabisha sana katika kazi yetu), wakajifunza maneno machache tu ya kuwavusha kwenye vizuizi vya barabarani: "Ndiyo, afande." Mtu wa namna hiyo, akiulizwa na mwandishi mgeni mbele ya askari kama amefurahi, akajibu "Ndiyo, nimefurahi sana", je, amesema yaliyo moyoni? Amesema maneno aliyo nayo, tena kwa lugha ya mwenye bunduki. Kuyanukuu si kosa. Kosa ni kutomtaja aliyesimama kando yake alipoyasema.

Wala mambo haya si ya Uganda peke yake. Tarehe 9 Aprili 2003 sanamu ya Saddam Hussein iliangushwa katika uwanja wa Firdos, Baghdad, ikivutwa na gari la jeshi la Marekani, karibu kabisa na hoteli walimokaa waandishi wengi wa kigeni. Picha za karibu zilijaa watu tele. Zile zilizopigwa kwa mbali zilionyesha sehemu kubwa ya uwanja ikiwa tupu. Zote mbili zilikuwa picha za kweli. Ile ya karibu ndiyo iliyozunguka dunia.

Darasani tulizoea kuwapa wanafunzi picha ya gazeti na kuwaagiza waandike insha juu ya umati waonao. Siku hizi twawaagiza pia waandike juu ya nyumba iliyo nyuma ya umati, ile ambayo madirisha yake yamefungwa. Mara nyingi insha ya pili huwa ndefu kuliko ya kwanza.